Sifa za Ufundi wa Kuunda Protini

Kikuyu ya Dodoma ni mjini, lakini mashamba ya mtama na uwele ya wilaya za Bahi na Chamwino hayako mbali. Huko watu hulima na kuchunga katika nchi ileile ya swila na koboko. Anayeumwa na nyoka kijijini hufuata dawa ambayo msingi wake uliwekwa miaka ya 1890: farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, kisha kingamwili huvunwa katika damu yake. Dawa hiyo imeokoa wengi na inastahili heshima. Ila ni ghali, yaweza kuleta mzio mkali, na aina nyingi hutaka jokofu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi wao ni maskini wa vijijini.

Ndiyo maana nausifu ufundi wa kuunda protini. Januari 2025, Susana Vázquez Torres, David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Timothy Jenkins wa Denmark na wenzao walieleza katika jarida la Nature protini ndogo ambazo hazikuwahi kuwamo katika kiumbe chochote. Zilibuniwa ziikamate sumu ya jamii ya swila na koboko, ile inayoziba mahali neva inapoupa msuli amri. Misuli ya pumzi ikikosa amri, mtu hufa.

Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20. Mnyororo wa asidi 100 tu una mipangilio inayozidi idadi ya atomu katika ulimwengu wote unaoonekana, hivyo kubahatisha hakufai. Kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa, mbunifu huanza na umbo la sumu yenyewe. Programu ya RFdiffusion hubuni umbo litakaloishika, ProteinMPNN huchagua asidi za kulijenga, AlphaFold hukagua kama mnyororo utajikunja ilivyokusudiwa. Kisha jeni hutengenezwa, bakteria hupewa, protini huvunwa, husafishwa na kupimwa. Miundo mingi huishia hapo, imekataliwa.

Utii huo kwa jaribio ndio uzuri ninaouona. Mbunifu ana uhuru wa kuwaza umbo lolote, lakini neno la mwisho si lake. Safari hii jibu lilikuwa jema: kati ya panya waliopewa sumu ya kuua kisha protini hizo, asilimia 80 hadi 100 walipona, kutegemea sumu, dozi na protini iliyotumika. Tena protini hizo hustahimili joto, na hilo ni jambo kubwa kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika.

Kazi haijaisha. Sumu ya kifutu ni ya namna nyingine, na panya si binadamu. Lakini Baker alionesha protini ya kubuniwa iitwayo Top7 mwaka 2003, akapata Nobeli mwaka 2024. Ufundi huu umezoea subira. RFdiffusion imetolewa bure, hivyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuanza kubuni. Apewe na maabara ya kupimia alichobuni, maana sumu ya nyoka wetu inawahusu kwanza wanaoishi nao.