Mtaka cha Mvunguni Hainui Kitanda

Dakika ya 14. Mkono unaingia majini, kidole gumba na cha shahada vinashika ukingo wa jiwe kubwa la kushoto, jiwe linainuka. Video ya yule mfugaji anayemtafuta kamba wake tangini mmeitazama, sina haja ya kuwahadithia. Nilipofika hapo nilipiga kelele peke yangu sebuleni: "Wee! Liache hilo jiwe!" Mke wangu akaja kuuliza kama wezi wameingia.

Sitazunguka mbuyu. Kuinua lile jiwe ni kosa, na kosa la mtu aliyekwisha kujua mengi ndilo linaloudhi zaidi. Mengine aliyapatia: chumvi 1.025, joto nyuzi 26, wavu juu ya tangi, wageni wamezoeshwa maji tone kwa tone, mawe yamekalishwa kwenye kioo kabla ya mchanga kumwagwa, na ndoa yenyewe ya samaki gobi, Cryptocentrus cinctus wa njano, na kamba mchimbaji, Alpheus bellulus, haina ubishi. Tuendelee na jiwe.

Hoja yake mliisikia. Siku 19 zimepita hajamwona kamba. Kama amefia ndani ataoza na kuchafua maji, kwa hiyo afadhali kuhakikisha. Ni hoja inayosikika ya busara mpaka uikumbuke kazi ya kipimo cha amonia kilichokuwa kabatini mwake, tena tulikiona dakika ya tatu. Tangi la lita 200 na maiti ya kamba wa sentimita nne: pima maji, rudi kwenye kiti, kaa.

Lakini hata kipimo hakikuhitajika. Rudisheni video dakika ya 11, msimamishe picha. Gobi amekaa kizingitini, kichwa nje, mkia ndani ya tundu. Mbele yake pana kichuguu cha mchanga mweupe, wakati mchanga wote wa pembeni umekwisha kushika ule ukungu wa kahawia wa tangi changa. Mweupe maana yake umetolewa chini juzi au jana. Halafu tazameni mlango wenyewe: vipande vya makombe vimepangwa kushoto na kulia kama miimo. Gobi akilazimika atabeba mchanga kwa mdomo, lakini kupanga makombe namna ile si kazi yake. Fundi alikuwa hai, yuko kazini, na mwenye nyumba anatuonyesha kazi hiyo kwa kamera huku akituambia fundi amekufa!

Haya hayakugunduliwa jana. Luther aliuandika urafiki huu wa gobi na kamba katika Bahari ya Shamu mwaka 1958. Mwaka 1979 Ilan Karplus akaeleza lugha yake: kamba, ambaye macho yake ni hafifu, akitoka nje huweka sharubu yake juu ya mwili wa gobi; gobi akiona hatari hutikisa ncha ya mkia, na kamba anarudi ndani. Watu wale walipata elimu yao kwa kutazama. Wangeanza kwa kufukua, hadi leo tusingejua mkia una maana gani. Wafugaji wa siku hizi wana kamera, taa za buluu na pampu zinazoongozwa kwa simu, lakini wiki tatu za kukaa kimya zinawashinda.

Sasa, jiwe lile lilikuwa nini? Lilikuwa dari. Bellulus huanzia pembeni mwa jiwe kwa sababu anataka paa lisiloporomoka, kisha huweka nguzo kwa vifusi vya matumbawe na vipande vya kombe. Ukiinua paa, nguzo hazina cha kubeba. Na hapa mnivumilie, maana wimbo huu nimeuimba miaka: mchanga laini kama sukari, uliochaguliwa kwa sababu unapendeza kwenye picha, haushiki. Changanya na vifusi vya kila saizi, kina kifike sentimita nane au kumi. Wa kwake wote ulikuwa laini, vifusi ni kiganja kimoja tu. Jiwe lilipoinuka sentimita mbili, mlimwona gobi akichomoka kukimbilia nyuma ya pampu, na handaki la wiki tatu likajaa kwa muda wa kupiga chafya.

Kisha akamwona kamba, akashangilia: "Yupo!" Tazameni rangi yake. Amepauka, na pembeni yake kuna ganda tupu lenye gando lake kubwa. Alikuwa amejivua gamba. Kamba aliyejivua ni laini kama ute mpaka ganda jipya likakamae, ndiyo sababu hujificha. Huyu alifunuliwa mwangani katika saa ambayo hana silaha wala ngozi. Msije mkaniambia kuhusu chupa za iodini. Aliyehitaji dawa hapo ni mkono.

Mzee aliyenifunza kufuga alikuwa na tangi la vioo vya dirisha aliloligundisha mwenyewe. Usiku alizima pampu, akaweka sikio kwenye kioo kumsikiliza kamba, akaninyooshea kidole nisipumue. *Ta!* "Yupo, mwanangu, katulale." Hakujua fizikia yake. Mwaka 2000 ndipo Versluis na wenzake walipoonyesha kwamba mlio ule hautokani na gando kujigonga: hutoka kwenye kiputo kinachozaliwa na mrusho wa maji, kisha kikajifinya ghafla. Mzee alijua tu kwamba mlio ni salamu, na kwamba kamba wake alipokaa kimya, siku ya pili au ya tatu angelia. Sikumbuki hata siku moja alipogusa jiwe.

Wapo watakaomtetea, kwamba kamba hajafa, kwamba atachimba tena. Huenda. Ila tazameni kile kipande kifupi alichoturushia siku tatu baadaye, akifurahi kwamba gobi "ametulia". Gobi amerudi mahali palepale palipokuwa na mlango. Kichwa kinatazama nje, kama kawaida ya zamu yake. Nyuma yake hakuna tundu, pana ukuta wa mchanga laini, na mkia umeulalia. Anautikisa mara moja. Anangoja. Anautikisa tena.