Mkono wa Mary Leakey

Kabla hajashika brashi ya kufukulia mifupa, Mary Leakey alishika penseli, na penseli hiyo ndiyo iliyomfikisha kote alikofika. Alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji aliyezunguka Ulaya na familia yake akiuza picha. Kusini-magharibi mwa Ufaransa binti aliingia kwenye mapango, akaona zana za mawe na michoro ya watu wa kale, na moyo wake ukanasa huko huko. Shule hazikumweza. Zile za watawa zilimfukuza, na mojawapo ya sababu ni mlipuko aliousababisha kwenye somo la kemia. Mama yake alipoulizia nafasi Oxford, alivunjwa moyo. Mwaka 1981 Oxford hao hao walimtunuku udaktari wa heshima. Natumaini waliokuwapo waliona haya.

Kuchora zana ya jiwe si kupamba kitabu. Jiwe lililochongwa kwa makusudi lina makovu: kila kibanzi kilichobanduka kimeacha bonde dogo lenye mawimbi hafifu, na mawimbi hayo yanaeleza pigo lilitua upande gani na lipi lilitangulia. Mchoraji akikosea mwelekeo wa mistari, amemsingizia mchongaji aliyekufa zamani mno kujitetea. Mary alichora hivyo zana za Misri kwa ajili ya kitabu cha mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson, na kwa njia ya mama huyo akakutana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya, aliyekuwa anahitaji mchoraji. Louis alikuwa na mke na watoto. Yaliyofuata yalizua kashfa Cambridge, nami sioni haja ya kuyapaka rangi. Walioana mwaka 1936.

Louis alikuwa mtu wa maneno, mwepesi wa kutangaza. Vipimo vilibaki kwa mkewe.

Tarehe 17 Julai 1959, katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, Louis alilala kambini ana homa. Mary akatoka na mbwa wake wa madoadoa. Kwenye mteremko aliona kipande cha mfupa kimechomoza; alipopangusa vumbi akakuta meno mawili makubwa yangali mahali pake kwenye taya. Akarudi mbio kwa gari kumwamsha mgonjwa. Fuvu lenyewe, la jamaa wa kale wa binadamu, lilikuwa limevunjika vipande mamia, na Mary ndiye aliyeviunganisha. Louis akaliita Zinjanthropus, na vipimo vya majivu ya volkano vikalipa umri wa takriban miaka milioni 1.75. Magazeti ya dunia yakajaa picha za Bwana Leakey.

Kazi ninayoisifu mimi ni iliyofuata. Mary alifungua eneo pana kuzunguka mahali pa fuvu, akishuka tabaka kwa tabaka, na hakuna jiwe wala mfupa ulioinuliwa kabla mahali pake hapajapimwa na kutiwa kwenye ramani. Vifaa vilikuwa brashi, vichokoo vya daktari wa meno na chekeche. Udongo ulipembuliwa kama mchele wa karamu. Waliofanya kazi hiyo pamoja naye juani, wengi wao Wakamba kutoka Kenya, hawakupewa nafasi yao katika picha za magazeti, na hilo ni deni. Kilichojitokeza ni sakafu nzima ya kale: mawe yaliyopasuliwa, mifupa ya wanyama iliyovunjwa, kila kitu karibu na jirani yake wa siku ile. Wengi kabla yake walichimba ili wajaze makabati. Kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu tabaka za chini za Olduvai kinachosha kukisoma, maana ni vipimo, michoro na orodha. Lakini watafiti wangali wanakirudia.

Subira hiyo hiyo aliipeleka Laetoli, si mbali na Olduvai. Mwaka 1978, Paul Abell wa kikosi chake alipoona alama iliyofanana na kisigino, mfanyakazi Ndibo Mbuika alitumwa kuchimba, akarudi na habari kwamba nyayo ziko mbili. Volkano ilikuwa imemwaga jivu, mvua ikalilowesha, wapita njia wakalikanyaga, na jivu jingine likafunika yote. Sasa vishimo vya nyayo vilikuwa vimejaa kitu kigumu karibu sawa na jivu lililovizunguka. Chombo kikiteleza kidogo, unachimba kidole ambacho hakikuwapo. Mary alizifungua polepole, mita zipatazo 27 za mwendo wa miguu miwili, za miaka milioni 3.6 iliyopita. Wataalamu wa Marekani walipotaka kuyaweka masalia ya Laetoli chini ya jina jipya la spishi, pamoja na mifupa ya Ethiopia, aliondoa jina lake kwenye makala ya kulitangaza. Jina hilo limedumu, na kwa hilo mjadala ulimshinda. Hata hivyo namheshimu aliyekataa kutia saini asichokiamini.

Alifariki Nairobi mwaka 1996. Fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na wageni hulifuata. Lakini kazi ya Mary inayosahaulika ni ya mwaka 1951, alipokaa Kondoa miezi kadhaa akinakili michoro ya miambani: twiga, watu wenye vichwa vya ajabu, wengine wakicheza ngoma. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akaichora upya kwa vipimo vidogo. Kitabu cha michoro hiyo kilingoja hadi 1983. Miamba hiyo inaendelea kuliwa na jua na mvua. Basi ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Babati, shuka Kolo, ulipie kiingilio, upande mlima na mwongozaji uitazame mwenyewe. Na mwenye watoto awapeleke na penseli.