Tatizo la Beki wa Kushoto

Ijumaa ya tarehe 5 Septemba 2025, Gambia walipotufunga 3-1 pale Kasarani, Abti alizima televisheni kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Hakuna aliyemlaumu. Kibanda chake kiko karibu na Soko Mugdi: mabati juu, feni moja inayozunguka kama imelazimishwa, na viti vya plastiki ambavyo kwa joto la Garissa ukiinuka vinainuka na wewe. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa imepoa kwenye vikombe. Jamaa mmoja akasema kocha aende. Mwingine akasema kocha abaki, wachezaji waende. Abti akasema wote waende, na sisi pia twende, maana wajinga ni sisi tunaorudi kila mara.

Kando ya mlango alikaa kijana mmoja wa Bulla Iftin, kimya muda wote. Mwishowe akasema: "Beki wa kushoto hakabi. Anapanda, halafu anasahau kurudi." Nitamrudia huyu kijana.

Kwanza tuongee makocha, kwa sababu shabiki wa Harambee Stars huanzia hapo na mara nyingi huishia hapo. Tangu 2013 tumekuwa na Adel Amrouche, Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put ambaye hakumaliza hata miezi minne, Okumbi tena, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Ghost Mulee, Engin Fırat, na sasa Benni McCarthy. Kila mmoja alikuja na maneno ya kujenga upya. Nyumba inayojengwa upya mara kumi kwa miaka kumi na mbili haijawahi kuezekwa, na sisi tunaoishi ndani yake tumezoea kunyeshewa.

Rekodi yenyewe haifichiki. Tumeenda Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Katika safari zote hizo tumeshinda mechi mbili tu, Burkina Faso 3-0 kule Tunisia na Tanzania 3-2 kule Misri, na hatujawahi kutoka kwenye makundi. Ile ya Tanzania naikumbuka vizuri. Michael Olunga alifunga mawili, na barabara yetu ya vumbi ikajaa watoto wanaokimbia bila kujua wanakimbilia wapi.

Fırat ndiye aliyenichosha zaidi. Mechi yake ya kwanza, Oktoba 2021, Mali walitupiga 5-0. Sawa, alikuwa mgeni, hakuwajua vijana. Halafu FIFA wakaifungia nchi kuanzia Februari hadi Novemba 2022, na hilo si kosa lake. Viwanja vyetu navyo vikakosa kibali, tukawa tunacheza "nyumbani" Lilongwe na Kampala. Kuna siku moja Juni 2024 tulitoka 0-0 na Ivory Coast, mabingwa wa Afrika, tukiwa wenyeji nchini Malawi. Hadi leo sijui nilipaswa kujivunia au kuona haya. Lakini ukishaondoa visingizio vyote hivyo vya haki, unabaki na hili: katika mechi sita za kufuzu AFCON 2025, timu yake ilifunga mabao manne. Manne! Kundi lilikuwa na Cameroon, ndiyo, ila pia lilikuwa na Namibia na Zimbabwe. Timu ilicheza kama mtu anayebeba mayai sokoni, anaogopa kuvunja hata asipokimbia. Desemba 2024 akajiuzulu, na pale kwa Abti hakuna aliyeuliza ameenda wapi.

McCarthy ni kesi ngumu kidogo, kwa sababu alitupa kitu kabla ya kutunyang'anya. Agosti 2025, kwenye CHAN iliyochezwa hapa kwetu, Uganda na Tanzania, alitumia vijana wa ligi ya ndani tu, kama mashindano yenyewe yanavyotaka. Tukawafunga Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukawafunga Morocco 1-0 tukiwa kumi uwanjani, kisha Zambia 1-0. Walahi, usiku ule wa Morocco hata wazee wasiojua offside ni nini walikuwa wamesimama. Madagascar walitutoa kwa penalti kwenye robo fainali, na watu wakalia machozi ya kweli, ambayo ni tofauti na yale ya kuchoka.

Ile timu ilikuwa na kitu kimoja nilichokuwa sijakiona kwa miaka: wachezaji waliojua mwenzao amesimama wapi bila kutazama. Walikuwa wamekaa kambini pamoja. Hawakuwa na majina makubwa. Austin Odhiambo alijua Ryan Ogam atakimbilia wapi, na mabeki walisogea kama kamba moja inavyovutwa.

Wiki chache baadaye, kwenye mechi ya Gambia ya kufuzu Kombe la Dunia, wanaocheza nje wakarudi, kila mtu na kiwango chake, kila mtu na uchovu wa ndege yake, na ile kamba ikakatika. Sisemi wasiitwe. Olunga alifunga mabao 28 ligi ya Japani mwaka 2020, huwezi kumwacha mtu kama huyo nyumbani kwa sababu ya mapenzi. Ninachomlaumu McCarthy ni kuamini kwamba ubora wa mtu mmoja mmoja unajumlishwa kama hesabu ya duka. Alikuwa na timu, akaifanya kuwa orodha.

Na hapo ndipo na mimi nilipoanza kuisoma orodha kwa macho mengine.

Huku kwetu, mtu akipanda basi la Nairobi, wazee bado wanasema anaenda Kenya. "Kenya kukoje?" wanakuuliza ukirudi, utadhani umetoka ng'ambo. Ni mzaha, na si mzaha. Lakini sikiliza watu hao hao mbele ya televisheni ya Abti. Hakuna anayesema Kenya wamefungwa. Wanasema tumefungwa. Tumepoteza. Kocha wetu hajui kazi. Sijaona mahali pengine katika mji huu ambapo neno "sisi" linatoka mdomoni haraka hivyo, bila mtu kuangalia nyuma kwanza.

Ila hiyo "sisi" ikishapangwa kwenye karatasi ya wachezaji kumi na mmoja, tunajitafuta. Jina kama la Mohammed Bajaber likitajwa, kibanda kizima kinauliza: huyo ni wa wapi? Halafu mtu anajibu, huyo si wa huku, na watu wanarudi kwenye chai.

Kocha huchagua kutoka kwa alichowekewa mezani. Msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilikuwa na timu 18, na hakuna hata moja yenye makao Garissa, Wajir au Mandera. Bingwa alikuwa Kenya Police, jina ambalo huku linakumbusha watu kizuizi cha barabarani kabla ya kombe. Eric Ouma, beki wa kushoto tuliyekuwa naye Misri 2019, alipitia Kakamega High, akaenda Gor Mahia, kisha Ulaya. Ni njia yenye milango, na kwenye kila mlango kulikuwa na mtu amesimama anatazama. Hapa Garissa, uwanja tunaochezea umezungukwa na mathenge. Mpira ukitoka nje unapigwa mwiba, mechi inaisha dakika ya hamsini, na aliyekuwa anatazama ni mbuzi.

Sasa yule kijana wa mlangoni. Alizaliwa 2004. Mguu wake wa kushoto, nisitie chumvi, ni mzuri kuliko mingi niliyolipia kiingilio kuiona. Anakaba. Anarudi. Mwaka 2022 jamaa wa timu moja ya daraja la chini jijini alimwona kwenye mashindano ya mtaa, akamwambia aje majaribio, na akipita atasajiliwa. Alihitaji kitu kimoja: kitambulisho.

Mwaka 2011, ukame ulipomaliza mifugo, mama yake aliwapeleka watoto kambini Dadaab wapate chakula. Wapo wengi waliofanya hivyo, Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi kwa sababu mkimbizi alikuwa anakula. Kijana alikuwa na miaka saba. Vidole vyake vikachukuliwa. Miaka kumi na moja baadaye, akiwa amesimama mbele ya ofisi fulani na cheti chake cha kuzaliwa, mashine ikasema vidole hivyo ni vya mkimbizi. Akaambiwa asubiri. Akapigwa msasa na kamati, wazee wakathibitisha wanamjua yeye, baba yake na babu yake. Akaambiwa asubiri tena. Timu haikusubiri. Ilipata beki mwingine, kama timu yoyote ingefanya, na sina ugomvi nayo.

Februari 2025, Rais Ruto akiwa ziarani Kaskazini Mashariki alitangaza kuondoa ule msasa wa ziada kwa vitambulisho vya watu wa mipakani. Wapo waliopiga vigelegele, wapo waliokumbuka msasa wa 1989 na kusema tutaona. Mimi nilipiga hesabu ya mpira: beki aliyepoteza kuanzia miaka kumi na nane hadi ishirini na moja bila mwalimu, bila gym, bila mechi za ushindani, hurudishiwi na tangazo. Huo ndio umri ambao Ouma na wenzake walikuwa wanajifunza wakati wa kupanda na wakati wa kubaki.

Kuna watu wataniambia nachanganya mambo, kwamba mpira ni mpira na siasa ni siasa. Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma, akajifunza mpira pale kwenye vumbi la Turkana. Juni 2022 alifunga penalti iliyosaidia kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Sisi tulikuwa tumefungiwa na FIFA mwezi huo, tunatazama. Mtu aliyempa Mabil karatasi ndiye aliyepata mchezaji.

Kwa hiyo nikisoma uchambuzi wa magazeti kuhusu mfumo wa McCarthy, iwe ni mabeki wanne au watatu, kiungo mmoja wa kukaba au wawili, nausoma wote, na nina maoni yangu makali kama ulivyoona. Nataka kocha apigwe maswali. Nataka aeleze kwa nini alivunja timu ya Agosti. Lakini nataka pia tumuulize aliyempa meza ile, nusu tupu, na kumwambia achague. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, tukiwa wenyeji na Uganda na Tanzania, tumefuzu bila jasho. Kikosi kitasemwa sana. Ningependa mtu mmoja tu, kabla ya kulalamikia majina yaliyomo, afungue ramani na kuangalia yametoka wapi.

Siku iliyofuata baada ya Gambia nilipita tena kwa Abti. Alikuwa amefungua, na alishaandika kwa chaki ubao wa mechi inayofuata, Shelisheli. Nilimkumbusha alivyosema tusirudi. Akacheka, akanimiminia chai. "Warya, nitaonyesha nini sasa, ndondi?"

Yule kijana alikuwa nje, anauza kadi za simu na kufunga laini chini ya mwavuli wa kijani. Kitambulisho chake alishakipata na anakiweka kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, mahali wengine huweka kalamu. Nilimuuliza kama bado anacheza. Akasema Ijumaa na Jumapili, jua likipoa. Kisha, bila kuulizwa, akaanza tena habari ya bao la kwanza la Gambia, akinionyesha kwa kadi za simu mezani: huyu alikuwa hapa, winga akapita hapa, na huyu, aliyepaswa kuwa hapa, hakuwepo.

Niliziangalia zile kadi muda mrefu. Alikuwa sahihi.