Nyayo na Hadithi

Kwa miongo mingi, wanaakiolojia wengi wa Marekani waliusimulia mwanzo wa binadamu katika bara lao kama hadithi iliyokamilika: wawindaji walivuka kutoka Siberia, wakapita baina ya nyanda mbili za barafu, na ncha zao za mikuki, zilizopatikana karibu na Clovis, New Mexico, zikawa alama ya wakazi wa kwanza, yapata miaka 13,000 iliyopita. Hadithi ilipendeza, na uzuri wake ukachukuliwa kuwa ushahidi. Monte Verde, nchini Chile, palipoanza kuchimbwa 1977 na kukadiriwa kuwa pakongwe zaidi, palingoja hadi 1997 ndipo kundi la wataalamu likaenda kupaona na kukubali.

Shaka si kosa. Lakini ipo ya kulinda hadithi, na ipo ya kudai kipimo. Nyayo za White Sands, New Mexico, zilipotangazwa 2021 kuwa na umri wa miaka 21,000 hadi 23,000, wakosoaji walieleza kwamba mbegu zilizopimwa zilikuwa za mmea wa majini, unaoweza kufyonza kaboni kongwe na kuzidisha umri. Hiyo ilikuwa shaka ya haki. Mwaka 2023 ilijibiwa kwa chavua ya misonobari, miti ya nchi kavu, na kwa chembe za mchanga. Majibu yakaafikiana na ya kwanza.

Nyingi katika nyayo hizo ni za vijana na watoto. Atakaye kuzikanusha hana budi kuleta kipimo kingine. Hadithi pekee haimtoshi.