Mwenye Kustahili Kutoa Fatwa: Uhakiki wa Kitabu cha Sheikh Farsy

Kitabu cha Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotolewa Mombasa mwaka 1972, aghalabu husomwa kama tarikh. Watafiti hukichota majina na miaka, kisha hukirudisha rafuni. Hata hivyo, chini ya tarikh hiyo mna hoja nzito: ni nani anayestahili kuulizwa jambo la dini, na jibu lake likapokewa?

Jibu la kitabu limo katika muundo wake. Mwanachuoni hujulishwa kwa walimu aliowasomea na kwa wanafunzi aliowaacha. Ahmad bin Sumeit na Abdalla Bakathir, wote wawili waliofariki mwaka 1925, ni vifundo vya wavu huo; na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947, alisoma kwao. Kwa kipimo hiki elimu haiokotwi. Hupokewa kwa mtu, kitabu baada ya kitabu, mpaka mwalimu aridhike. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu.

Udhaifu wake umo katika istilahi. Neno “mwanachuoni” limebebeshwa kazi tatu: ya mudarisi, ya kadhi na ya mufti. Fikihi huzitenga. Hukumu ya kadhi huwafunga wenye shauri. Fatwa ni jibu kwa muulizaji, wala haina askari wa kuitekeleza. Mufti naye ana daraja: yuko mujtahidi atoaye hukumu katika Kurani, hadithi, ijmaa na kiyasi, na yuko anayenukuu kauli yenye nguvu katika madhehebu yake, kama Mashafi walivyoitegemea Minhaj ya Nawawi. Kuyapambanua hayo ameachiwa msomaji.

Upambanuzi huo si anasa ya lugha. Mwislamu wa Kona Baridi, huko Kajiado, mbali na darasa za Lamu na Mombasa, akitamka talaka tatu kwa mkupuo mmoja, leo aweza kupata kwa simu majibu mawili kabla ya magharibi. Kwa Mashafi ni tatu, na mke hamrejei mpaka aolewe na mume mwingine na kuachwa naye. Kwa rai ya Ibn Taymiyya ni moja, na eda ikiwa haijesha aweza kumrejea. Wote wawili waliomjibu huitwa “sheikh”. Nyumba ya watu imesimama juu ya neno lisilopimwa.

Yaweza kudaiwa kwamba Farsy mwenyewe alisaidia kuufungua mlango huo. Qurani Takatifu yake ya mwaka 1969, kama lilivyofanya gazeti la Al-Islah la Sheikh Al-Amin tangu 1932, iliuweka ushahidi wa dini mbele ya msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiarabu. Lakini dai hilo linachanganya mambo mawili. Mgonjwa kulijua jina la dawa yake hakumfanyi tabibu. Humwezesha kumuuliza tabibu swali la maana.

Wala dola haikulimaliza suala. Zanzibar ilitunga sheria ya Mufti mwaka 2001. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 170, inamtaka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama, mufti haikumtaja. Farsy aliyashika yote mawili, silsila na cheo, kwani alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968. Lakini kitabu chake kinampima mtu kwa silsila kwanza.

Kipimo hicho hakijachakaa. Kinachohitajiwa ni kukitimiza kwa istilahi: anayejibu aulizwe amesoma kwa nani, ananukuu au anajitahidi, na jibu lake ni fatwa au hukumu. Kiswahili kina maneno hayo yote. Kasoro ni ya watumiaji.