Nakala, Ujira na Tarehe: Uhakiki wa Mjadala wa Kurudia Maandishi ya Zamani katika Mitandao Inayolipa

Utangulizi

Mjadala kuhusu kuweka upya maandishi, picha na video za zamani katika mitandao ya kijamii inayowalipa watumiaji wake umewagawa watu katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba kazi ni mali ya aliyeitunga, na mwenye mali hazuiwi kuirudisha sokoni. Kambi ya pili hudai kwamba anayerudia cha jana huchukua ujira wa aliyetoka jasho leo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kambi zote mbili zinabishania umiliki, ilhali kiini cha tatizo ni tarehe. Katika mji kama Goma tofauti hiyo si ya kinadharia.

Kanuni ya siku saba

Ili kuitendea haki kambi ya kwanza, hapana budi kuangalia jinsi ujira unavyopatikana. Steemit, mtandao ulioanzishwa Marekani 2016, na Hive, uliojitenga nao Machi 2020, hulipa kwa kura za wasomaji. Hata hivyo, andiko hukusanya kura zenye malipo kwa siku saba tu. Baada ya hapo, hata likisomwe na watu elfu, kura zao hazimletei mtunzi kitu. Kwa kanuni hiyo, shairi lililotungwa kwa mwaka mzima na taarifa ya mvua ya jana vimepewa umri mmoja. Si ajabu basi kwamba mtunzi hulitoa tena shairi lake. Watumiaji wa Steemit walipata mapema programu iliyoitwa Cheetah, iliyotafuta maandishi yanayofanana na yaliyokwisha kutolewa kwingine na kuacha taarifa chini yake. Programu hiyo iliweza kutambua mfanano. Haikuweza kutambua nia.

Funzo la mnakili wa Lamu

Kunakili kwa ujira si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, naye akalipwa. Aliweza kuuandika utenzi mmoja mara kadhaa kwa wanunuzi tofauti. Fasihi ya Kiswahili haimhesabu mwizi kwa sababu hiyo. Kinyume chake, inaishukuru kalamu yake kwa miswada iliyohifadhiwa.

Tofauti iko katika soko. Wanunuzi wa Kijuma walitafuta cha kale. Ukongwe ndio uliokuwa thamani, na mnakili hakuwa na sababu ya kuuficha. Kama kishawishi kilikuwepo, kilikuwa cha kuuongeza. Mitandao inayolipa imegeuza mizani hiyo, kwani thamani sasa ni upya. Anayeandika kwamba video yake ni ya 2012 hujipunguzia watazamaji, na pamoja nao malipo. Hapo ndipo tarehe inapofutwa. Hilo halitokani na ubaya wa mtu mmoja tu, bali na mwelekeo wa soko zima.

“Wameingia” na “waliingia”

Athari ya kufuta tarehe inaonekana vyema katika sarufi. Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo matokeo yake bado yapo wakati wa kusema. Kiambishi -li- huliweka tendo katika wakati uliopita. Sentensi “M23 wameingia mjini” ilikuwa kweli Goma mnamo Novemba 2012. Waasi hao walipoondoka Desemba mwaka huohuo, sentensi ikawa uongo, ikabaki hivyo kwa miaka 12, hadi ikawa kweli tena mwishoni mwa Januari 2025. Katika muda huo wote haikubadilika hata herufi moja.

Ndivyo ilivyo kwa sentensi “Nyiragongo umelipuka”. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Mei 22, 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene, kabla ya kufika uwanja wa ndege. Siku tano baadaye wakuu wa mkoa waliamuru sehemu ya mji ihamwe, na umati wa watu ukaelekea Sake na Gisenyi. Katika saa kama hizo mkazi huamua njia ya kushika kwa kutazama simu yake. Picha ya 2002 ikimfikia bila mwaka, humwambia kwamba katikati ya mji kumefungwa na moto. Picha yenyewe ni ya kweli, na huenda aliyeipiga ndiye anayeitoa. Hata hivyo kauli ni ya uongo. Picha haina kiambishi cha wakati. Maelezo yanayoambatana nayo ndiyo sarufi yake pekee.

Kanuni za makampuni

Oktoba 2023 mtandao wa X ulitangaza kwamba andiko lililowekewa sahihisho na watumiaji halitalipwa. Julai 2025 kampuni ya Meta ilitangaza hatua dhidi ya akaunti za Facebook zinazorudia mara kwa mara kazi za wengine, zikiwemo kuzinyima malipo kwa muda. Hatua hizi zafaa kupongezwa, lakini hazitoshi. Sahihisho huja baada ya watu kuona, pengine wakiwa tayari njiani na mizigo kichwani. Kanuni ya Meta nayo inauliza “ni ya nani?” bila kuuliza “ni ya lini?”. Mwenye video yake mwenyewe ya 2012 anaweza kuitoa kana kwamba ni ya leo bila kugusa haki ya mtu mwingine.

Hitimisho

Kambi ya pili inakosea inapotaka kurudia kupigwe marufuku. Vijana waliozaliwa Goma baada ya 2002 wanahitaji kuiona lava ile, na shairi jema halistahili kufa siku ya saba. Kambi ya kwanza nayo inakosea inapodhani kwamba haki ya mwenye mali inamaliza hoja. Kinachodaiwa ni kidogo: mwaka, mahali na jina mwanzoni mwa maelezo, na -li- mahali pa -me-. Gharama yake ni sehemu ya ujira. Asiyekubali kuilipa humwachia mkazi anayekimbia usiku ailipe. Idara za Kiswahili zinaweza kuanzia hapo, kwa kuwapa wanafunzi wasome maelezo ya picha kwa makini yaleyale wanayoyatumia kusoma miswada.