Kidole cha Mhubiri na Picha Ukutani

Katika Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Wittenberg ipo picha ya madhabahuni iliyotoka katika karakana ya Cranach, ikawekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufariki. Sehemu yake ya chini yamwonyesha Luther mimbarini: mkono mmoja u juu ya Biblia, wa pili wamwelekea Kristo aliyesulubiwa, aliye katikati ya mhubiri na washarika. Luther mwenyewe, aliporudi kutoka Wartburg mwaka 1522, aliwakemea waliotaka sanamu zivunjwe kwa nguvu. Nayo Biblia yake ya mwaka 1534 ilichapwa pamoja na michoro mingi. Kwa hiyo asiyependa projekta kanisani asitafute hifadhi kwa Luther.

Hatuna ugomvi na chombo. Yafaa tujiulize tu kidole chaelekea wapi.

Katika ibada ya mavuno ya usharika mmoja wa huku kwetu Karagwe, nilimsikia mhubiri akieleza habari za mjane wa Luka 21. Alieleza vizuri. Kisha ikatokea ukutani picha ya mtoto yatima, iliyopigwa kwa ajili ya taarifa ya wafadhili, naye akautaja ugonjwa uliowaua wazazi wake. Bibi ya mtoto alikuwa ameketi benchi la tatu. Sadaka ilikuwa nyingi siku ile, lakini bibi alitoka kabla ya baraka.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zinayajua matanga hayo. Picha ile ikionyeshwa Ujerumani, ni ya mtoto fulani wa Afrika. Ikionyeshwa Kayanga au Nkwenda, yataja ukoo, na hata makaburi yaliyomo kibanjani kati ya migomba. Anayeazima mahubiri ya wageni pamoja na picha zao huisahau tofauti hiyo.

Akieleza amri ya nane katika Katekisimu Kubwa, Luther afundisha kwamba kosa la jirani, hata likiwa la kweli, si letu kulitangaza hovyo. Sembuse ugonjwa, ambao si kosa! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yaziweka habari za afya na za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Mchungaji asingoje sheria imfundishe katekisimu, lakini aisome.

Mjane wa Luka hatajwi jina, wala uso wake hauelezwi, na mahubiri juu yake hayajapungukiwa kitu. Nilipomwuliza mhubiri wetu kwa nini alimchagua mtoto yule, alijibu kwa unyofu kwamba picha ilikuwa tayari ndani ya kompyuta.